SOMO LA AFYA: CHAI YA ARTEMISIA NA HOMA YA MALARIA



Katika matawi yetu ya Uganda, kwenye mashamba ya chai, miwa na maua, swali hili hurudi kila msimu wa mvua: je, chai ya artemisia, ambayo wengine huiita pakanga, inatosha kuponya malaria? Tumeona ni vema tulifanye kuwa somo, bila kuwadharau waganga wetu na bila kudanganyana.

1. Mmea wenyewe

Artemisia si uongo. Wachina waliutumia kutibu homa tangu zamani. Mwaka 1967 serikali ya China iliwakusanya wataalamu watafute dawa ya malaria. Mmoja wao, mama Tu Youyou, alisoma kitabu cha tiba cha miaka 1,600 hivi iliyopita. Kitabu kilieleza kuuloweka mmea katika maji na kuukamua, siyo kuuchemsha. Hapo akafahamu kwamba pengine moto unaharibu dawa. Akajaribu njia isiyotumia joto kali, na mwaka 1972 kundi lake likapata dawa yenyewe, artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Vidonge vya dawa mseto, kama Coartem, vimetokana na kazi hiyo.

Basi dawa imo ndani ya mmea. Swali ni kiasi gani kinaingia katika kikombe.

2. Kikombe na kidonge

Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na majani ya bustani hii hayalingani nguvu na ya bustani ile. Kidonge kimepimwa. Mtu mzima humeza Coartem vidonge 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3, jumla 24, na ndani yake mna dawa ya pili ya kumaliza vijidudu vilivyobaki. Anayekunywa chai peke yake anaweza kupata nafuu, akarudi kazini, kisha homa ikamwangusha tena.

Tena vijidudu vilivyopigwa nusu nusu huizoea dawa. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba vijidudu vinavyostahimili artemisinini vimeonekana Rwanda, na mwaka 2021 kaskazini mwa Uganda. Hatusemi chai ndiyo iliyoleta hayo; tunasema tusiyaongezee nguvu. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2019 kwamba chai hii isitumiwe kutibu malaria wala kuikinga.

3. Utafiti unaotajwa

Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa Uganda kwa watu wazima 132 wa shamba la maua. Waliokunywa chai hiyo mara moja kwa wiki walipungukiwa na hatari ya kuugua malaria zaidi ya mara moja katika miezi 9. Ni habari ya kufuatiliwa, lakini watu walikuwa wachache, na ilihusu kukinga, siyo kumtibu aliyekwisha ugua.

Utafiti mwingine, wa Maniema huko Kongo, ulisema chai inashinda vidonge. Ulichapishwa mwaka 2019, na mwaka 2020 jarida lililouchapisha likaufuta. Atakayekuonyesha karatasi hiyo, mwambie imefutwa.

4. Kwa nini tunakunywa chai?

Tuseme kweli. Wengi hawanywi kwa kupenda. Zahanati iko mbali, na mnyapara humwandikia mgonjwa kuwa hakuja kazini. Hapo ndipo ilipo kazi ya chama.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mfululizo, akiugua, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini ampe mwajiri habari mapema, na akitakiwa atoe cheti cha daktari. Chai haitoi cheti. Anayejitibu kambini amejinyima dawa, na amejinyima mshahara pia.

Waganga wa mitishamba nao wana sheria yao, iliyopitishwa mwaka 2019, inayoweka baraza la kuwaandikisha na kuwasimamia. Mganga mwema humwambia mwenye homa akapimwe damu kwanza.

5. Tufanye nini?

(a) Homa ikianza, tupimwe siku hiyo hiyo. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasingojeshwe hata usiku mmoja.
(b) Tumalize vidonge vyote, hata kama mwili umepata nguvu.
(c) Aliyekunywa mitishamba amwambie mganga wa zahanati, asifiche.
(d) Mjumbe wa tawi atunze daftari la wagonjwa waliokatwa mshahara, na alilete kwenye mazungumzo na mwajiri.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Kwa nini mama Tu Youyou aliacha kuuchemsha mmea?
2. Katika shamba letu, mgonjwa hutumia saa ngapi kufika kwenye kipimo?
3. Ni nani kati yetu aliyeugua akakatwa mshahara, na alikuwa na cheti?

Umoja ni nguvu.