Dondoo Muhimu: Kuondoa Data Fiche katika Picha za Droni

Picha iliyopigwa na droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, hubeba data fiche, ambazo ni maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili bila kuonekana kwenye picha yenyewe, yakiwamo latitudo na longitudo, kimo, tarehe, saa na mwelekeo wa kamera.

• Nakala halisi ihifadhiwe kwanza, kwa kuwa data zikishafutwa hazirudi, ilhali wapima ardhi huzihitaji wanapounganisha picha nyingi kuwa ramani moja.

• Programu ya bure ya ExifTool hufuta data hizo kwa amri `exiftool -all= picha.jpg`, kisha faili lisomwe upya kwa programu hiyohiyo ili kuthibitisha kwamba viwianishi vya mahali havimo tena.

• Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza data za mahali, lakini ikitumwa kama hati hufika ilivyo.

• Baadhi ya droni za kampuni ya DJI huandika mahali zinaporuka katika faili la manukuu linaloishia na `.srt`, ambalo halipaswi kuambatanishwa na video.

• Kufuta data hakufichi kinachoonekana, kwani umbo la kilima au njia panda linaweza kulinganishwa na picha za setilaiti. Hivyo, picha ya faru mbugani ikatwe kingo au isisambazwe kabisa, ili majangili wasiitumie kumsaka.