Amri ya Tano na Uvimbe wa Titi



Mwezi huu twaendelea na mafundisho ya Amri Kumi, nasi tumefika Amri ya Tano. Waalimu wa kipaimara wajua jinsi watoto wanavyoijibu amri hii kwa wepesi: hawajaua mtu, basi yamekwisha. Lakini Martin Luther, alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, hakuiachia amri hii mahali hapo. Alifundisha ya kwamba imetupasa pia kumsaidia jirani yetu katika haja zote za mwili wake. Kwa hiyo mtu aweza kuivunja amri hii pasipo kuinua mkono, yaani kwa kuuacha mkono wake chini ulipopasa kuinuliwa. Tumechagua jambo moja la siku zetu ili tuione amri hii katika maisha ya watu. Ni jambo la mama aliyeona uvimbe katika titi lake, akaenda kwa watabibu, akaambiwa si kitu, akarudi nyumbani. Na kumbe ilikuwa saratani.

Shirika la Afya Duniani lahesabu ya kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wanaume nao hupatwa, ijapokuwa ni wachache sana. Mara nyingi huanza kama donge gumu lisilouma, na kwa sababu haliumi, mtu haliogopi. Wakati mwingine ngozi hukunjamana kama ganda la chungwa, au chuchu huingia ndani, au hutoka damu. Tena yafaa tuseme wazi ya kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Hapo ndipo penye mtego kwa mtabibu. Kwa kuwa mwingi si saratani, yeye asemaye si kitu pasipo kupima huonekana mkweli mara nyingi, na mazoea hayo humfanya mvivu.

Vidole peke yake haviwezi kujua. Madaktari wenyewe wamefundishwa ya kwamba mambo matatu yaende pamoja: kupapasa matiti yote mawili na makwapa, kupiga picha, yaani altrasaundi au mamografia, na kutoa kinyama kwa sindano ili kisomwe kwa darubini. Mambo hayo matatu yasipopatana, kazi haijaisha. Hata picha ikiwa safi haitoshi kama mkono waona donge, maana iko saratani isiyoonekana katika picha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo, na ndani yake limeandikwa lengo hili: tangu mgonjwa afike mara ya kwanza hata ajue hakika ya ugonjwa wake, zisipite siku 60. Tuliangalie neno hilo, tangu afike. Siku hizo hazihesabiwi juu ya mgonjwa, bali juu ya wale waliompokea.

Kuchelewa kwa nyumbani twakujua, nako kumehubiriwa sana: haya, hofu ya kukatwa titi, mume asiyetoa nauli, dawa za miti shamba. Hatutayarudia hapa, kwa kuwa wako wahubiri waliofika hata kumlaumu mama aliyekwisha fanya yote yaliyompasa. Sisi twataka kunena juu ya kuchelewa kwa pili, kunakoanza ndani ya mlango wa hospitali.

Mama anyonyeshaye huambiwa ya kuwa maziwa yameganda, au ni jipu, akapewa dawa ya kuua vijidudu. Mara ya kwanza hilo si kosa, maana mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini iko saratani ya titi ijayo na wekundu na joto mfano wa jipu. Kwa hiyo dawa isipofaa kwa juma moja au mawili, yapasa mgonjwa atazamwe upya. Binti wa miaka 28 huambiwa ya kwamba ugonjwa huu ni wa wazee, naye aenda zake. Mwingine hutolewa kinyama, majibu yakafika, yakakaa katika faili wala hakuna aliyemwita. Mwingine hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, na hakuna aulizaye kama alifika. Twamjua mama mmoja wa kwaya aliyepewa dawa za jipu mara tatu katika miezi saba, na katika wote watatu waliomtibu hakuna aliyemtaka afungue nguo ili atazamwe. Hospitali hatuitaji. Alipofikishwa penye kipimo cha kinyama, ugonjwa ulikuwa umekwisha ingia katika mifupa. Mama huyo alituuliza kama ingalikuwa dhambi kwake kulikataa jibu la kwanza, kwa maana alifundishwa tangu utoto kuwatii wakubwa na kuwa na subira.

Swali hili lataka jibu, nasi twalitafuta katika Marko, mlango wa tano. Pale pana mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Marko haoni haya kuandika ya kwamba aliteswa na waganga wengi, akatumia mali yake yote, wala hakupata nafuu bali alizidi kuwa mgonjwa. (Luka, ambaye Paulo amwita tabibu, asema kwa upole zaidi ya kwamba hakuna aliyeweza kumponya. Fundi huwafunika mafundi wenzake, hata katika Injili!) Mwanamke huyo hakukaa nyumbani akayaita mateso yake subira. Alipenya katikati ya makutano, naye alikuwa mtu asiyeruhusiwa kugusa watu. Wala Bwana hakumkemea kwa kuwaacha waganga wa kwanza, bali alimwita binti, akamsifu imani yake. Basi mama arudiye hospitali na kusema, Uvimbe ungali uko, naomba nipimwe kinyama, au naomba barua ya rufaa, havunji amri yo yote. Ausaidia mwili aliopewa na Mungu, na amsaidia daktari naye asije akaivunja Amri ya Tano.

Wainjilisti wengine watauliza neno zito zaidi. Je, Mkristo aweza kumshitaki daktari? Watatuonyesha Wakorintho wa Kwanza, mlango wa sita. Lakini pale Paulo awakemea ndugu waliopelekana mahakamani kwa sababu ya kunyang'anyana. Huyo huyo Paulo, alipopigwa kule Filipi pasipo hukumu, alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Aliwataka wakubwa wa mji waje wenyewe wamtoe. Habari hii iko katika Matendo, mlango wa 16. Hakudai fedha, alitaka kosa lisifichwe. Nasi tumeona ya kwamba wagonjwa wengi walioumizwa hutaka hilo hilo: waambiwe kweli juu ya yaliyotokea, na mwingine asipatwe na mambo hayo.

Hata hivyo Amri ya Nane yakaa karibu, nayo yatukataza kumharibia mtu jina. Si kila kukosa ni uzembe. Daktari aliyepapasa vizuri, akapiga picha, akatoa kinyama, na sindano ikapita kando ya ugonjwa, amekosa kama binadamu, wala sheria haimhukumu kwa sababu hiyo tu. Yeye asiyetazama kabisa, au aliyeyaacha majibu pasipo kuyasoma, hayuko sawa naye. Mtu asiyejua ni lipi lililotukia asilitangaze penye kisima wala katika simu. Na aulize kwanza.

Tena kuthibitisha ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Huko Uingereza mwaka 1994 Bwana Gregg alimwonyesha daktari wake uvimbe chini ya kwapa la kushoto. Daktari akasema ni mafuta tu. Baadaye daktari mwingine alimpeleka hospitali, ikaonekana ni saratani ya tezi. Kuchelewa kulikuwa kwa miezi tisa hivi. Jaji aliona ya kwamba daktari wa kwanza alizembea. Lakini ilihesabiwa ya kuwa nafasi ya Bwana Gregg ya kupona ilikuwa 42 katika mia kabla ya kucheleweshwa, ikashuka hata 25. Kwa kuwa hata mwanzo haikufika nusu, mwaka 2005 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu wakati ule, lilimnyima fidia, majaji watatu kwa wawili. Katika Marekani mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ilihukumu vingine mwaka 2008, ya kwamba nafasi iliyopotezwa nayo ni hasara ya kulipwa. Sisi si wanasheria, lakini twaona majaji wale wawili wa Uingereza walikuwa karibu zaidi na haki. Nafasi 42 katika mia ni kitu kikubwa kwa yule aliye nayo.

Kwa hiyo karatasi zitunzwe tangu siku ya kwanza: cheti, majibu, picha, barua ya rufaa, na tarehe ya kila safari. Hapa Tanzania Baraza la Madaktari Tanganyika hupokea malalamiko juu ya madaktari, na mtu akitaka kudai fidia mahakamani, Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 yampa miaka mitatu. Kabla ya hayo yote aende kwa mganga mkuu wa hospitali ile ile pamoja na mzee wa kanisa au mtu wa jamaa ajuaye kusoma, maana mgonjwa aliye peke yake hunyamazishwa upesi. Kazi ya kumsindikiza twaiweka mikononi mwa viongozi wa umoja wa wanawake katika kila usharika. Waulize katika mkutano wao wa kwanza baada ya kusoma somo hili: ni nani kati yetu aliyeambiwa si kitu, na hakupimwa?

Walimu wasome Marko 5 na Matendo 16 pamoja na darasa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutafuata Amri ya Sita.