LEGIONI NI KITU GANI?

Rafiki yangu kijana, huenda umesikia habari za yule mtu aliyekaa makaburini, akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe (Marko 5:1-20). Alifungwa minyororo, akaikata. Yesu alipomwuliza jina, alijibu kwamba ni Legioni, maana waliokuwa ndani yake walikuwa wengi.

Sasa hilo ni jina gani jamani? Si jina la mtu, ni jina la jeshi! Warumi ndio waliotawala nchi zile, na legioni ilikuwa sehemu kubwa ya jeshi lao. Ilikuwa na vikosi 10. Kila kikosi kilikuwa na makundi 6, na kila kundi lilikuwa na askari kama 80 chini ya akida wao. Piga hesabu mwenyewe: ni 4,800. Ongeza wakubwa wao na wapanda farasi, unakaribia 5,000. Wote hao ndani ya mtu mmoja!

Neno lenyewe ni la Kilatini, lugha ya Warumi. Limetoka kwenye neno lenye maana ya kukusanya au kuchagua. Zamani, kabla Roma haijawa na jeshi la kudumu, vijana waliitwa mjini, wakaletwa mbele wanne wanne, na maofisa wakachagua. Mgiriki mmoja, Polybius, aliyeishi zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, ametueleza jinsi walivyoapa. Askari mmoja aliapa kiapo kizima cha kuwatii wakubwa. Wengine wote walipita mmoja mmoja, wakiapa tu kwamba watafanya kama yule wa kwanza.

Umeona hapo? Mmoja anaapa, maelfu wanasema, "Na mimi vilevile."

Je, wewe ulianzaje? Pale kijiweni mwenzako alivuta bangi, ukasema na mimi vilevile. Alileta pombe, na mimi vilevile. Akapanga wizi, ukaogopa kuonekana mshamba, ukaenda. Hakuna aliyekufunga kamba. Uliandikishwa kidogo kidogo, na leo ukitaka kuacha unaona wao ni wengi na wewe ni mmoja.

Lakini Yesu hakuogopa wingi wao. Aliwatoa wote. Watu walipofika walimkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Alitaka kupanda chomboni pamoja na Yesu, lakini akaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake. Akaenda, akasimulia Dekapoli yote.

Kijana, huko nyumbani kwenu wapo wanaokusubiri na akili zako timamu. Ukitaka kuombewa, usione haya, sogea mbele ya jukwaa leo hii. Na kesho wakikuita kijiweni, kabla hujasema "na mimi vilevile", jiulize kwanza: yule aliyetangulia ameapa kwa nani?