SOMO LA TISA: BAKSHISHI, MSHAHARA NA RUSHWA

Umetoka Mbugani kupeleka mchele Kyela mjini. Umeuza, na sasa una njaa. Unaingia hotelini na kuagiza wali kwa samaki. Mhudumu anakunawisha mikono na kukuletea chakula. Bei ni shilingi 3,000. Unatoa noti ya 5,000, naye anakurudishia 2,000. Je, ni lazima umwachie kitu?

Si lazima. Fedha anayopewa mhudumu kwa hiari huitwa bakshishi. Ni shukrani. Ukiridhika na una nafasi, mpe. Kama huna, sema asante. Hudaiwi.

Desturi hutofautiana. Huko Japani si kawaida kutoa bakshishi. Huko Marekani mteja hutazamiwa kuacha dola 15 hadi 20 kwa kila dola 100 za chakula. Sheria ya taifa hilo inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu wa namna hiyo dola 2.13 tu kwa saa, ikiwa bakshishi inajaza pengo hadi kima cha chini cha kawaida. Kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991.

Kwetu Tanzania, Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara, na wafanyakazi wa hoteli wamo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, pamoja na malipo yake. Basi kijana wako akiambiwa hotelini, "Wewe utaishi kwa bakshishi," asikubali. Aulize mshahara ni kiasi gani na hulipwa lini. Asome karatasi kabla ya kutia sahihi.

Jihadhari na jambo moja. Mtumishi wa ofisi au zahanati akikuambia, "Nipe kwanza ya soda," hiyo si bakshishi, hata akiiita hivyo. Ni rushwa. Sheria ya mwaka 2007 inaikataza. Toa habari TAKUKURU kwa simu namba 113.

KUMBUKA: Mshahara ni haki. Bakshishi ni hiari. Rushwa ni kosa.

MASWALI
1. Bakshishi ni nini?
2. Nani anapaswa kumlipa mhudumu mshahara?
3. Taja tofauti moja kati ya bakshishi na rushwa.
4. Zungumzeni darasani: Je, hapa kijijini watu huombwa "ya soda"? Tufanye nini?