Dawa Mpya za Saratani: Kupima Faida na Madhara Ukiwa Mbali na Bingwa

Mgonjwa wa saratani anayeishi Laela, Matai au Namanyere aghalabu hupewa dawa mbali na kwao, Mbeya au katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kisha hurejea kwa basi. Dawa huchaguliwa na bingwa. Madhara hujitokeza siku kadhaa baadaye, mbele ya tabibu wa zahanati. Kwa hiyo somo hili linawahusu mgonjwa na mhudumu wa afya kwa pamoja.

Tuanze na trastuzumabu, dawa ya saratani ya matiti yenye protini ya HER2 kwa wingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wenye wanawake 469 ambao saratani yao ilikwisha kusambaa, nusu ya walioongezewa dawa hiyo juu ya tibakemikali waliishi zaidi ya miezi 25, badala ya miezi 20. Lakini moyo ulidhoofika kwa wagonjwa 27 katika kila 100 walioipata pamoja na dawa za kundi la doksorubisini. Bila trastuzumabu, walikuwa 8. Dawa haikutupwa. Madaktari walijifunza kutozichanganya kwa wakati mmoja, na kupima nguvu ya moyo kabla ya kuanza na takribani kila miezi 3. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumabu, huondoa kizuizi kinachoizuia kinga ya mwili kuishambulia saratani. Kinga hiyo yaweza kushambulia pia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo, hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Kuharisha kwa mgonjwa huyu si lazima kuwe maambukizi. Wasiliana na bingwa mapema, kwani huenda akahitaji steroidi.

Tibakemikali ya kawaida nayo hushusha chembechembe nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14. Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati huo ni dharura. Pima malaria, lakini majibu yake, yawe chanya au hasi, yasicheleweshe antibaiotiki. Dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 1, kisha mgonjwa apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga.

Nawe mgonjwa, kabla ya kukubali dawa mpya uliza: Inalenga kuniponya, kunirefushia maisha au kunipunguzia maumivu? Dalili zipi zinifikishe hospitali siku hiyo hiyo? Nani atanipima nikiwa nyumbani? Tembea na karatasi yenye jina la dawa, tarehe ya dozi na simu ya wodi. Swali la tatu likikosa jibu, dawa ya zamani inayoweza kufuatiliwa karibu huenda ikawa salama kuliko mpya isiyo na mwangalizi. Zungumza na bingwa wako kabla ya kuamua.