Dondoo muhimu: kupeleka msimbo mpya kwenye Airflow

Usinakili faili moja moja kwenye seva. Weka msimbo wote kwenye Git, folda ya kazi ijisasishe kutoka humo. Mambo yakiharibika, unarudi kwenye toleo la jana mara moja.

Kabla ya kupeleka, endesha faili kwa Python kwenye kompyuta yako. Mabano yaliyosahaulika yatajitokeza hapo hapo, si saa nane usiku ripoti ikisubiriwa.

Jina la mtiririko (DAG) usilibadilishe ovyo: Airflow itauhesabu kuwa mpya, na historia itabaki kwenye jina la zamani. Hatari kubwa zaidi ni catchup, ambayo katika toleo la 2 la Airflow huwa imewashwa tangu mwanzo. Ukiwasha mtiririko wa kila siku wenye tarehe ya kuanza ya Januari, utaendeshwa kwa kila siku iliyopita tangu hapo. Zima catchup kwanza.

Faili mpya inaweza kuchukua dakika 5 kuonekana. Subiri kabla ya kuzima na kuwasha seva.