Kufundisha Habari za Uhamisho wa Babeli

Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi somo la uhamisho wa Babeli likigeuzwa kuwa orodha ya wafalme na tarehe. Wanafunzi hunakili ubaoni, hujibu mtihani, kisha husahau. Twapendekeza somo lijengwe juu ya swali moja: hekalu likiisha kuteketea, Mungu ataabudiwa wapi?

Maelezo kwa mwalimu

Mwaka 586 K.K. (kabla ya Kristo) majeshi ya Nebukadneza wa Babeli yalibomoa Yerusalemu, yakachoma hekalu na kuwahamisha watu wengi wa Yuda. Kundi jingine lilikuwa limekwisha kuhamishwa mwaka 597 K.K. Kwa fikira za siku zile, taifa likishindwa, na mungu wake ameshindwa. Manabii walikataa hesabu hiyo: Mungu hakushindwa, bali aliwahukumu watu wake. Ezekieli, mmoja wa wahamishwa, aliuona utukufu wa Mungu katika maono kando ya mto Kebari, ugenini. Aliipinga pia mithali iliyowatwika watoto makosa ya wazazi. Kila mtu atajibu kwa matendo yake. Sura za 40 hadi 55 za Isaya zaendelea zaidi: hakuna mungu mwingine, na hata Koreshi wa Uajemi ni masihi wake.

Pasipo madhabahu, Sabato, tohara na maandiko vilipata uzito mpya, kwa kuwa viliweza kushikwa popote.

Koreshi aliitwaa Babeli mwaka 539 K.K., na wahamishwa wakaruhusiwa kurudi. Wengi walibaki. Hekalu la pili lilikamilika mwaka 515 K.K., lakini dini haikurudi kama ilivyokuwa. Baadaye Ezra aliwasomea watu Torati mbele ya Lango la Maji, na Walawi wakawafafanulia maana. Kitabu kilikuwa kimepata nafasi yake kando ya madhabahu. Hata hivyo kurudi kulileta na ukali: wanaume walitakiwa kuwaacha wake wa kigeni. Jambo hili tusilifiche.

Hatua za somo

1. Wanafunzi wataje ibada za Waisraeli. Mwalimu aziandike ubaoni.

2. Mwalimu asimulie kuangamia kwa Yerusalemu, kisha afute kila ibada iliyohitaji hekalu. Aulize: kimebaki nini?

3. Kundi moja litoe sababu za kurudi, na jingine sababu za kubaki Babeli. Mwalimu asiharakishe kuamua.

Tahadhari

Iwapo darasani yumo mtoto aliyekimbia vita kwao, asilazimishwe kusimulia. Akitaka mwenyewe, tumsikilize. Huenda akalielewa somo kuliko sisi.

Somo limefaulu ikiwa mwanafunzi aweza kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi watu waliopoteza nchi na hekalu walivyoendelea kuamini, na jinsi imani yao ilivyobadilika.